Hela ya alizeti

Kijitabu cha Julius Nyerere cha Elimu ya Kujitegemea nilikisoma kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 48, nimekalia ndoo iliyofudikizwa chumbani kwa shangazi yangu, kijijini kwetu mkoani Singida. Bati lilikuwa linavuja na mafundi walikuwa wanakuja kesho yake, kwa hiyo tulikuwa tunatoa vitu. Chini kabisa ya sanduku, chini ya vitenge ambavyo sijawahi kumwona navyo, palikuwa na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na cheti chake cha ualimu wa Daraja la III C, picha ya darasa ambayo sura zote zimeliwa na unyevu, na kijitabu hicho, jalada limetoka, kurasa zimekuwa rangi ya chai.

Nikacheka. "Shangazi, hata hiki umekitunza?"

"Hicho ndicho kilichonipa kazi," akasema. "Wewe toa vitu, mwanangu, jua linazama."

Sikutoa vitu.

Niseme ukweli, nilidhani nakijua. Mtanzania wa rika langu hakuisoma Elimu ya Kujitegemea, aliilima. Kwenye ratiba ya shule yetu iliandikwa kwa herufi mbili, EK, Jumanne na Alhamisi mchana, na herufi hizo maana yake ilikuwa jembe. Masika tunalima alizeti na mtama. Kiangazi tunafyatua matofali, tunasomba samadi, tunajaza maji mapipa ya walimu. Kila asubuhi unafika na kidumu mkono mmoja na fagio mkono wa pili, na ukikosa kimojawapo utajuana na mwalimu wa zamu. Sitii chumvi: nawakumbuka watoto waliorudishwa nyumbani kwa kukosa kidumu, simkumbuki hata mmoja aliyerudishwa kwa kukosa daftari.

Mwaka 1989, tukiwa darasa la sita, alizeti ilikubali kuliko miaka yote. Tulivuna, tukapiga kwa fimbo kwenye uwanja uliosiribwa, tukapepeta mpaka macho yakawa mekundu, tukajaza magunia. Lori likaja Ijumaa likabeba. Tulikuwa tumeahidiwa mpira wa ngozi, maana tuliokuwa nao ulikuwa wa matambara na kamba za katani. Wiki ikapita, mwezi ukapita, mpira haukuja. Asubuhi moja mstarini mwalimu mkuu alipomaliza matangazo akauliza, kama alivyozoea kuuliza bila kutazamia jibu, "Kuna mwenye swali?" Rafiki yangu, tuliyekaa naye dawati moja, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hela ya alizeti iko wapi?"

Nakumbuka kuku wa nyumba za walimu, maana ndio pekee walioendelea kupiga kelele. Alichapwa viboko sita palepale mbele ya mstari, kosa lake jeuri, kisha akapewa kisiki cha kung'oa nyuma ya ofisi. Kilimchukua siku tatu. Sisi tulimcheka, na mimi nilimcheka kwa sauti kuliko wengine kwa sababu nilikuwa karibu naye na niliogopa nisije nikahesabiwa pamoja naye.

Sasa niko juu ya ndoo, nimevaa miwani, na kwenye kijitabu hiki chakavu nakutana na swali la rafiki yangu. Nyerere anasema shamba la shule lisiwe kazi ya kutumwa. Wanafunzi washiriki kupanga kitakacholimwa, waweke hesabu za shamba, waone kilichoingia na kilichotoka, kisha waamue wenyewe faida itumikeje. Wakizembea, waone hasara kwa matumbo yao. Anasema pia shule imjengee mtoto mambo matatu: akili ya udadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuchagua kinachomfaa, na hali ya kujiamini kama mtu huru aliye sawa na wenzake, anayethaminiwa kwa anachofanya na si kwa anachopata.

Udadisi umewekwa namba moja. Nilirudi nyuma kuhakikisha kwamba sijasoma vibaya. Kwa kipimo cha kijitabu hiki, katika shule yetu nzima ni mtoto mmoja tu aliyefaulu EK mwaka ule, na alama zake aliandikiwa makalioni.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimsoma Nyerere kwa namna nyingine. Nimemwacha kando rais na yule mzee wa picha za ukutani, nikashughulika na mwalimu aliyekuwa akifikiri juu ya kazi yake. Huyo tumemsahau. Tunamwita Mwalimu kila siku, lakini tunalitamka kama cheo, kama vile tungesema Mheshimiwa.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, mama yake Mgaya wa Nyang'ombe akiwa mke wa tano kati ya wake 22. Mpaka anafikisha miaka 12 hakuwa ameingia darasani. Alichunga, alilima na mama yake, alikaa pembeni wazee wakiamua mashauri, na alicheza bao. Husimuliwa kwamba ni bao hasa lililowafanya wakubwa waseme huyu mtoto apelekwe shule. Mwaka 1934 akapelekwa Mwisenge, Musoma, kisha Tabora, kisha mwaka 1943 Makerere alikosomea ualimu. Alifundisha St. Mary's Tabora, akaenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi na shahada mwaka 1952, akaajiriwa St. Francis, Pugu. Mwaka 1955, TANU, chama chake cha kupigania uhuru, ikiwa haijatimiza hata mwaka, ikambidi achague kati ya chaki na siasa. Alichagua siasa, na baadaye alipenda kusema kwamba ualimu aliuchagua mwenyewe ila siasa ilimtokea kama ajali.

Wengine hutaja Edinburgh kama mahali alipopata falsafa. Mimi macho yangu yako kwenye ile miaka 12 ya mwanzo. Kijitabu kinasema kwamba Afrika kabla ya ukoloni haikuwa na shule, ukiacha jando na unyago kwa baadhi ya makabila, lakini watoto walikuwa wakielimishwa, kwa kuishi na kwa kutenda, na kila mtu mzima alikuwa mwalimu kwa kiasi fulani. Sisi tunaosema hivyo kwenye makongamano tunarudia tulichosoma. Yeye alikuwa anakumbuka.

Kuna mahali anasema jambo ambalo lilinifanya niweke kijitabu magotini na kutazama nje. Mtoto wetu, anasema, anafika shuleni akiwa amekwisha kujazwa imani za uchawi, lakini hajui majani yanayoota nyumbani kwao yana kazi gani. Ameshika miiko ya ukoo, ila hajafundishwa kuandaa chakula cha asili chenye lishe. Na shule, badala ya kuziba pengo hilo, inamfundisha kuwadharau wazazi wake kwamba ni washamba wasiojua kitu. Nilimkumbuka bibi yangu, aliyejua aina za mlenda ambazo mimi leo siwezi kuzitofautisha, na somo letu la sayansi kimu, ambamo tulichora karoti. Kijiji kizima hakuna aliyewahi kuila karoti. Tulizipaka rangi kwa maua ya alizeti.

Kijitabu kilitoka Machi 1967, mwezi mmoja na kidogo baada ya Azimio la Arusha, lakini moto uliokipika uliwashwa Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wanaomaliza masomo ya juu waende Jeshi la Kujenga Taifa miaka miwili: miezi michache kambini, kisha miezi 18 kazini wakilipwa asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana mpaka Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao, na mabango mengine yakisema heri enzi za mkoloni. Nyerere aliwasikiliza. Halafu alipandwa na hasira iliyobaki kuwa hadithi: akawafukuza karibu 400 warudi kwa wazazi wao, na hapohapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walirudishwa chuoni baadaye.

Mimi nikisikia kisa hicho siku hizi namwona mwalimu wa Pugu anayetazama karatasi za mtihani na kugundua kwamba darasa zima limekosa, na kwamba kosa ni la aliyefundisha. Vijana wale walikuwa bora kabisa kwa kipimo cha shule. Walisomeshwa kwa jasho la wakulima na wakaamini kwa dhati kwamba wamedhulumiwa kuambiwa warudishe miezi 18. Nani aliwafundisha hivyo? Shule. Kwa somo gani? Kwa kila kitu: kwa kuwatenga na wenzao, kwa kuwapikia na kuwafagilia, kwa kuwaambia tangu darasa la kwanza kwamba wanapanda ngazi na walioko chini ni walioshindwa. (Kwamba aliamua kuwafundisha usawa kwa kuwafukuza, hilo nalo ni swali. Nitalirudia.)

Sehemu ya kijitabu ninayoipenda kuliko zote haina jembe hata moja. Ni hesabu. Nyerere anapanga tarakimu kama karani wa ghala: watoto 490,000 shule za msingi mwaka 1961, sasa 825,000. Sekondari 11,832, sasa 25,000, na kati ya hao waliofika kidato cha sita walikuwa 176, sasa 830. Zaidi ya asilimia 20 ya mapato ya kawaida ya serikali yanakwenda kwenye elimu. Halafu pigo: kati ya watoto 100 wanaomaliza shule ya msingi, 13 tu ndio watakaopata nafasi ya sekondari.

Serikali yoyote ingemalizia kwa ahadi ya kujenga sekondari. Yeye anauliza swali lingine. Hao 87 tunawafundisha nini? Mitaala yote imepangwa kwa ajili ya wale 13. Tunachagua cha kumfundisha mtoto wa darasa la tatu kwa kutazama daktari na mhandisi watahitaji nini, wakati watoto karibu wote hawatakuwa madaktari wala wahandisi. Kwa hiyo 87 wanakaa miaka saba wakijiandaa kwa safari ambayo si yao, kisha siku ya matokeo wanajiona wameshindwa maisha wakiwa na miaka 13. Anataka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, na mtihani ushushwe hadhi, kwa sababu mtihani unapima uwezo wa kukariri mambo na kuyatapika ndani ya saa mbili, basi.

Darasa letu la saba mwaka 1990 tulikuwa 41. Tulichaguliwa wawili. Rafiki yangu wa alizeti, aliyenishinda hisabati kila muhula tangu darasa la nne, hakuchaguliwa. Siku majina yalipobandikwa ukutani alisoma orodha, akasoma tena, akasema, "Haya bwana," akaenda kunywesha ng'ombe. Hatukuzungumza vizuri tena kwa miaka mingi, na aliyekuwa anakwepa ni mimi.

Jembe liliingiaje basi, na daftari la hesabu likatokaje? Hilo nilimuuliza shangazi usiku, tumekaa nje na vyombo vyake vyote vimetuzunguka kama tumehamishwa na mafuriko.

Shangazi ni mwalimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Kwa wasomaji wadogo: Novemba 1974 TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba watoto wote wa rika la shule waingie darasani kufikia mwishoni mwa 1977. Walimu hawakuwepo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, makumi ya maelfu, wakawa wanafundisha nusu siku na kujifunza ualimu nusu siku nyingine, kwa masomo ya posta na redio na mwalimu mlezi wa kuwasimamia. Shangazi alikuwa na miaka 18. Alikabidhiwa darasa la kwanza la watoto 70 na kitu chini ya mkwaju, ubao ukiwa umeegemezwa kwenye shina. Asubuhi anafundisha herufi, mchana anajifunza namna ya kufundisha herufi alizokwisha kufundisha asubuhi. Watu waliwacheka walimu hao. Mpaka leo mtu akitaka kumtukana mwalimu anasema huyo ni wa UPE. Sijawahi kuelewa kicheko hicho. Idadi ya watoto shule za msingi ilitoka kama milioni 1.2 mwaka 1974 ikapita milioni 3 ndani ya miaka michache, na waliowapokea mlangoni ni hao wasichana na wavulana wa miaka 18.

"Kijitabu hiki mlikisoma?" nilimuuliza.

"Tulikikariri. Mtihani wetu ulikuwa na swali hilo kila mwaka. Taja malengo ya Elimu ya Kujitegemea." Akaanza kuyataja palepale gizani, moja, mbili, tatu, kwa sauti ya mstarini.

Andiko lililopinga kukariri kwa ajili ya mtihani likakaririwa kwa ajili ya mtihani. Nilitaka kucheka nikashindwa, kwa sababu alikuwa anayataja vizuri sana.

"Na hili la wanafunzi kuweka hesabu za shamba?"

Akanyamaza kidogo. "Hilo halikuulizwa."

Kisha akanieleza jambo ambalo naona ndilo fundo la habari yote. Musoma hiyohiyo iliyofungua milango iliagiza pia kwamba shule zichangie gharama za kujiendesha, na kiwango kilichotajwa kilikuwa robo nzima, asilimia 25. Kwenye kijitabu cha 1967 shamba lilikuwa darasa ambalo kwa bahati nzuri linatoa chakula. Baada ya 1974 likawa mapato. Mkaguzi alipokuja, anasema shangazi, hakuuliza mtoto amejifunza nini kuhusu udongo. Aliuliza eka ngapi, magunia mangapi. Mwalimu mkuu aliyejaza fomu kwa magunia 20 alisifiwa, na hakuna aliyetaka kujua mtoto gani alipanga, nani alipiga kura, nani alishika kalamu. Jambo likishapimwa kwa magunia, watoto wanakuwa nguvu kazi, na swali la hela linakuwa jeuri.

"Yule mkuu wenu," shangazi akasema, "alikuwa na watoto saba. Mshahara ulikuwa unaweza kukaa miezi mitatu haujaja. Sabuni hakuna, sukari kwa kadi. Simtetei."

"Ila?"

"Ila nini? Nimesema simtetei."

Kuna upande mmoja ambao wazo la Nyerere lilifika kijijini kwetu bila kupotoshwa njiani, nao haukupitia kwa watoto. Aliamini kwamba ukiwa na haraka ya maendeleo uanze na watu wazima, kwa sababu mtoto wa leo utamsubiri miaka 10 au 20 kabla hujaona faida yake shambani. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: watu wapatao milioni 2 nchi nzima wamekaa kwa vikundi kuzunguka redio, wanasikiliza kipindi, wanazima, wanabishana, kisha wanaondoka kwenda kuchimba choo. Nilikuwa sijazaliwa, lakini choo cha babu kilichochimbwa mwaka ule nilikitumia.

Na bibi alikwenda ngumbaro, darasa la kisomo cha watu wazima. Jina hilo lilikuwa na kejeli ndani yake, mtu mzima anayebeba daftari, lakini alikwenda, jioni baada ya kutwanga, yeye na wanawake wengine walioacha watoto wakubwa wakiwashika wadogo. Mwaka 1967 Watanzania wazima wasiojua kusoma walikuwa 67 kati ya 100, na katikati ya miaka ya 1980 takwimu za serikali zilisema wamebaki kama 10. Unaweza kubishana na tarakimu hiyo ya pili, maana kujua kuandika jina si sawa na kusoma gazeti. Lakini mimi nimeliona jina lenyewe. Bibi aliliandika kwa mkaa kwenye mlango wa ghala lake, kwa ndani, mahali ambapo ni yeye peke yake angeliona kila akiingia kuchota mtama. Herufi ya kwanza ilikuwa imeandikwa kinyume, ameifuta kwa kidole, ameandika tena. Ghala lilipobomolewa nilikuwa kidato cha pili na sikuwa na akili ya kuutunza ule ubao.

Mwaka 1976 walimu wa watu wazima kutoka nchi nyingi walikutana Dar es Salaam, na Nyerere akawahutubia. Katika hotuba hiyo ana mfano ambao kwangu unashinda nadharia nyingi nilizolipia ada kuzisoma. Mama, anasema, hampi mtoto kutembea wala kusema. Kutembea si mali aliyonayo mama akamkatia mtoto kipande. Anachofanya ni kumsaidia mtoto akuze uwezo ambao tayari ni wake. Na mwalimu wa watu wazima ni vivyo hivyo, hatoi kitu alichokihodhi. Mbrazili Paulo Freire, aliyefika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970, alikuwa akisema jambo la jirani na hilo kwa lugha nzito zaidi, kwamba mwanafunzi si benki ya kuwekewa akiba na mwalimu. Vyuoni kwetu ukitaka kuonekana msomi unamnukuu Freire. Mfano wa mama unaachiwa sherehe za Oktoba, na hata huko hausomwi.

Nilisema nitarudi kwenye lile swali la kufundisha usawa kwa kufukuza. Mtu aliyeandika kwamba mwanadamu hawezi kuendelezwa bali hujiendeleza mwenyewe, aliongoza serikali ambayo kati ya 1973 na 1976 ilihamishia watu vijijini kwa nguvu, na kuna mahali nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Kuna watu kijijini kwetu hawapendi kusikia jina lake kwa sababu hiyo, na sina la kuwaambia. Wapo wanaosema wazo lilikuwa zuri, watekelezaji ndio walioliharibu. Siridhiki na jibu hilo. Ukiwa mwalimu mwenye haraka na una dola mkononi, kishawishi cha kumbeba mtoto badala ya kumsubiri atembee ni kikubwa, na Nyerere alishindwa nacho zaidi ya mara moja, kuanzia siku ile ya majoho.

Kosa lake la pili nimeliishi mwenyewe, na ni la lugha. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi, jambo kubwa ambalo halijarudiwa na nchi nyingi. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ikapendekeza kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari pia. Hakikupanda. Nyerere mwenyewe, mfasiri wa Shakespeare, akasema Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia, tusikiache. Sawa, lakini mimi niliingia kidato cha kwanza nikiwa bingwa wa maswali, nikanyamaza mwaka mzima. Sikuwa bubu wala mjinga. Nilikuwa natafuta namna ya kusema "kwa nini" mbele ya watu bila kuchekwa. Kama udadisi ni namba moja, ilibidi mtu aulize unauliza kwa lugha gani.

Binti yangu anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza mjini. Mwaka jana waliambiwa kila mtoto apeleke fagio alilolitengeneza kwa mikono yake, kazi ya stadi. Tulilinunua sokoni. Wazazi wote tulikutana palepale, kwa mama mmoja muuza fagio, tukipeana salamu za aibu. Binti alipata alama 9 kati ya 10. Sasa kuna mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, sekondari, naufuatilia kwa matumaini na kwa wasiwasi uleule, nikingoja kuona mkaguzi atauliza nini akifika.

Siku ya pili, mafundi wakiwa juu ya paa, nilikitia kijitabu kwenye mfuko wa shati nikaenda kwa rafiki yangu. Ana mashine ya kukamua alizeti pale njia panda, kibanda cha bati chenye joto la tanuri na harufu ya mashudu. Tumekwisha kuwa wazee wa kuitana mzee. Akanipa kiti cha plastiki, nikamfungulia ukurasa, akausoma polepole midomo ikicheza, mikono yake akiiweka mbali na karatasi kwa sababu ya mafuta.

"Kumbe," akasema.

Juu ya meza ya mlangoni palikuwa na kaunta buku nene, imefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza na peni yake imefungwa kwa kamba nyingine. Iko wazi, imegeuziwa nje, upande wa anayekuja. Kina mama wawili waliokuwa wamesimama na madebe yao walikuwa wameinama juu yake, mmoja akifuata mstari kwa kidole mpaka alipofika kwenye jina lake: kilo alizoleta, lita alizotoa, mashudu aliyoacha. Walikuwa wanabishana naye kuhusu lita moja, na alikuwa anabishana nao bila kukasirika.

Walipoondoka nilimwambia kile ambacho nilipaswa kumwambia mwaka 1989, kwamba nilicheka kwa woga. Alipunga mkono kama mtu anayefukuza nzi.

"Yalikuwa magunia 14 na debe moja," akasema. "Nilihesabu wakati tunapakia. Ndiyo maana niliuliza."